Mlango wa Mwisho wa Korido

Hospitalini walimwita Mama Picha, na mtaani jina likamfuata. Kazi yake ilikuwa kupiga eksirei. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwalaza watu kwenye kitanda kile cha baridi, anawaambia wavute pumzi na wasitikisike, kisha anakwenda nyuma ya kioo na kubonyeza. Mtu angeingia akiapa kwamba mkono umeteguka kidogo tu, picha ikitoka mfupa umekatika vipande viwili. Mwingine angeletwa na ndugu wanne, analia njia nzima, na picha ikatoka safi kama sahani iliyooshwa. Kwa hiyo alishazoea: watu waseme wanavyosema, yeye anasubiri picha.

Ndiyo maana habari ya nyumba ile ilimtesa. Ukuta haulazwi kitandani ukaambiwa usitikisike.

Yeye na mumewe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, walikuwa wapangaji tangu waoane. Walikuwa wamehama mara saba. Mwenye nyumba mmoja aliuza bila kuwaambia, mwingine alipandisha kodi kila alipogombana na mkewe, mwingine alitaka wasipike baada ya magharibi kwa sababu harufu ilimpandia juu. Huyu wa sasa aliwaita sebuleni kwake, akawakalisha vizuri, akawamiminia chai. Mama Picha alipokiona kile kikombe alijua mambo yameharibika, maana mzee yule hakuwa mtu wa kumpa mtu chai. Kweli, kabla hata sukari haijayeyuka aliwaambia mwanawe anaoa, anavihitaji vyumba vile, wawe wametoka kabla ya mwaka kwisha.

Wiki ileile wakasikia habari ya nyumba ya zamani inayouzwa, katika mtaa wa zamani, karibu na hospitali. Dakika kumi na mbili kwa miguu. Mama Picha alipima mwenyewe, kwa mwendo wa mtu aliyechoka na si wa mtu anayewahi. Mtaa wenyewe ulikuwa umetulia. Barabara zilikuwa na mitaro iliyopitisha maji kweli, miti mikubwa iliyopandwa na watu waliokwisha kufa, duka la dawa, shule, fundi viatu aliyejua viatu vya kila mtu. Nyumba za pale zilirithiwa, haziuzwi ovyo. Na hii ilikuwa ikiuzwa kwa bei ambayo nje ya mji ungepata kiwanja kitupu chenye majani, na maji ukayafuate kwa ndoo.

“Kwa nini rahisi hivi?” ndilo lililokuwa swali lake la kwanza kwa dalali.

Dalali alikuwa bwana mnene, mpole, ambaye watu walimwita Karibuni kwa sababu hilo ndilo neno alilolijua vizuri kuliko yote. Siku ya kwanza alijibu kwamba warithi wana haraka. Siku ya pili alisema mwenye nyumba ana roho nzuri. Siku ya tatu alisema mbona bei yenyewe si ndogo, ndiyo bei ya mtaa. Swali moja lilikuwa limepata majibu matatu, na Mama Picha akaondoka akiyahesabu.

Nyumba ilikuwa na veranda ya mbele yenye sakafu nyekundu iliyong'aa, sebule pana, vyumba vitatu, jiko lenye dirisha kubwa, na korido ndefu katikati. Mumewe alikanyaga veranda tu, akaanza kupanga viti. Alisimama pale akasema hapa ataweka meza ya kusahihishia madaftari, pale watoto wawili watasomea, na jioni watakaa hivi, na akakaa kweli, kwenye ukingo wa ukuta, akanyoosha miguu. Mama Picha alimwonea huruma na pia akamkasirikia. Mtu haonyeshi furaha namna ile mbele ya dalali.

Yeye alipitia kuta. Rangi ilikuwa mpya, ya krimu, imepakwa kwa pupa hata ikarukia vioo vya madirisha na swichi za taa. Harufu yake ilimpanda puani, lakini chini ya harufu ile kulikuwa na nyingine, ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Katika chumba cha nyuma, rangi ilikuwa imeanza kuvimba karibu na sakafu. Aliubonyeza uvimbe kwa kidole na ukazama. Hapo pembeni kabati kubwa la mbao lilikuwa limesimamishwa dhidi ya ukuta, na alipoomba lisogezwe Karibuni alisema ni zito, lingehitaji vijana wanne.

Halafu kulikuwa na mlango wa mwisho wa korido. Ulikuwa umefungwa.

“Huku ni nini?”

“Stoo tu, mama. Ufunguo anao mwenyewe.”

Akamwomba aulete siku nyingine. Karibuni akasema bila shaka, karibuni sana.

Mara ya pili alikuja na mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, mwashi mstaafu aliyejenga nusu ya madarasa ya mji ule. Mjomba hakuwa mtu wa haraka. Alibeba pima maji yake ya mbao, bisibisi, na gololi moja ya kioo aliyoifunga kwenye leso. Aligonga kuta kwa mpini wa bisibisi, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu aliye chumba cha pili. Mama Picha alimfuata nyumanyuma, na kila alipouliza “Vipi, mjomba?” mzee alijibu “Ngoja,” mpaka akatamani kumnyang'anya ile bisibisi.

Mjomba alipanda ngazi, akaingia kichwa na mabega darini, akakaa huko muda mrefu. Aliposhuka, nywele zake zilikuwa na utando wa buibui lakini uso umechangamka. Alisema kenchi zile ni za mbao ambazo leo huzipati hata ukizitafuta na tochi; mchwa hawajazigusa. Mabati yamechoka, yatabadilishwa. Nyaya za umeme ni za enzi za babu, zing'olewe zote. Bomba la jikoni linavuja ndani ya ukuta. Hayo yote, alisema, ni magonjwa ya uzee, hayamuui mtu.

Kisha akafungua leso, akaiweka gololi sakafuni katika korido. Gololi ikatulia kidogo kama inayofikiri, ikaanza kutembea, ikashika mwendo, ikaenda kugonga mlango wa mwisho. Akaijaribu kutoka sebuleni, ikaenda kulekule. Kutoka chumba cha nyuma ikapita chini ya kabati, na ikalia ukutani upande huohuo.

“Nyumba yote inaelekea kule,” mjomba alisema. “Nifungulieni.”

Karibuni akajipapasa mifuko ya suruali, ya shati, akafungua hata mkoba wake. Ufunguo ulikuwa umesahaulika nyumbani kwa mwenyewe.

Mara ya tatu Mama Picha alibadilishana zamu na mwenzake, akamwahidi kumlipia kwa zamu mbili za Jumapili. Ufunguo ulikuja. Haukuingia kwenye kitasa. Karibuni aliuzungusha, akaupuliza, akaupaka mate, akausukuma, na mwishowe akacheka na kusema vitasa vya zamani vina wivu. Mama Picha hakucheka. Alimtazama yule bwana akitokwa na jasho mbele ya mlango na akaona wazi kwamba alikuwa akijua tangu mwanzo kuwa ufunguo ule si wa pale.

Siku ile waligombana, yeye na mumewe, njia nzima ya kurudi. Mume alikuwa amehesabu miezi iliyobaki na akiba waliyonayo, na hesabu zote zilimrudisha kwenye veranda ileile.

“Kila nyumba unaitafutia ugonjwa,” alisema. “Hata sisi tungekaguliwa hivi tusingeoana.”

“Siitafutii ugonjwa. Naomba kufunguliwa mlango mmoja.”

“Na ukifunguliwa, utataka kuchungulia chini ya sakafu.”

“Ndiyo. Nitataka.”

Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba naye aliitaka nyumba ile, pengine kuliko mumewe. Aliposimama jikoni siku ya kwanza, mbele ya lile dirisha kubwa, alikuwa amejiona akikatakata vitunguu bila mtu wa juu kulalamika harufu. Hilo hakumwambia mtu. Ndilo lililomfanya awe mkali zaidi. Aliogopa kudanganywa na dirisha.

Siku ya nne hakumwambia dalali. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile ya kumwagika bila kupumzika, na alipotoka zamu saa nane mchana alichukua mwavuli akaenda moja kwa moja kwenye nyumba, kwa kuwa nyumba huitazami vizuri mpaka inyeshewe. Hakupita mbele. Aliingia kwenye kichochoro cha pembeni, kati ya nyumba ile na ya jirani, akikanyaga matofali yaliyopangwa ndani ya maji, akihesabu madirisha ili ajue amefika wapi. Alipofika mahali ambapo ile stoo ilipaswa kuwa, alikuta mlango mwingine, uko wazi, na mwanamke mzee wa watu, mwembamba, amekunja gauni mpaka magotini, akifagia maji kuyatoa nje.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Unatafuta nani, mwanangu?”

Nyuma ya yule mama, Mama Picha aliona kitanda kilichoinuliwa juu ya matofali, redio, picha za ukutani, mazulia yamekunjwa juu ya meza. Aliuona pia upande wa pili wa mlango wa korido: umepigiliwa mbao mbili za msalaba, misumari bado inang'aa.

Kwa vile hakujua kudanganya alisema ukweli, kwamba alikuja kuangalia nyumba inayouzwa.

Yule mama aliuacha ufagio uelee. “Nyumba ipi?” aliuliza.

Hakuwa ameambiwa. Walipokuja kupaka rangi aliambiwa wanaifanyia usafi. Walipopigilia mlango aliambiwa ni kwa ajili ya usalama wake. Mama Picha alitamani ardhi impasukie. Tangu aanze kazi hakuwahi kumpa mtu majibu mabaya akiwa amesimama kwenye maji. Alifunga mwavuli, akavua viatu, akachukua dekio lililokuwa mlangoni, na wakayatoa maji pamoja kwa karibu saa nzima. Hapo ndipo alipoipata picha aliyokuwa akiisubiri.

Yule mama alikuwa opereta wa simu wa zamani, wa wakati ule wa kuunganisha watu kwa nyaya, na watoto wa mtaa walimwita Bibi Halo. Alikuwa amekaa kwenye chumba kile miaka ishirini na mitatu. Marehemu mwenye nyumba, ambaye Bibi Halo alimuuguza miaka yake mitano ya mwisho, alimwandikia karatasi mbele ya mwanasheria kwamba chumba ni chake mpaka afe. Karatasi anayo, kwenye bati la biskuti. Na kuhusu nyumba, alijua kila kitu. Alijua ni mvua ya upande gani inayoingilia dirisha la sebule. Alijua chini ya kona ile kulikuwa na shimo la maji machafu la zamani, ambalo walilifukia kwa taka za ujenzi na magogo walipounganishwa na bomba la mtaa, na kila masika udongo unashuka kidogo na ukuta unashuka nao. Alikuwa ameripoti mara nyingi. Nyuma ya kabati, alisema, kuna ufa unaoweza kuingiza daftari.

Mama Picha alirudi nyumbani sketi imelowa mpaka kiunoni na hasira imemkaba. Hakuwa na hasira na ufa. Alikuwa amekwisha kuukisia. Alikasirikia safari tatu, zamu za Jumapili, ule ufunguo uliopakwa mate.

Alidai kukutana na muuzaji mwenyewe. Alikuwa binti mkubwa wa marehemu, mwanamke nadhifu wa sauti ya chini, na walikutana kwenye ofisi ya Karibuni, yenye kiti kimoja cha plastiki kisicho na mkono. Binti hakukana. Alisema yule mama ni mtu mzima, amemuuguza mama yao, wao wanamwonea haya kumwambia atoke. Mwenye nyumba mpya akimwambia, ataelewa.

“Kwa hiyo mnaniuzia nyumba pamoja na haya zenu,” Mama Picha alisema.

Karibuni aliangalia dari.

Hata hivyo hakuondoka. Alimleta mjomba kwa njia ya kichochoro, mzee akapima, akachimba kidogo, akanusa udongo, na safari hii hakusema “Ngoja.” Alisema inatibika, ila si kwa rangi: lazima kufukua mpaka udongo mgumu, kujaza mawe na zege, na kuushona ukuta kwa nondo. Mama Picha akapeleka masharti mawili. Gharama ya kona itolewe kwenye bei, na karatasi ya Bibi Halo itajwe kwenye mkataba wa mauzo ili mtu yeyote asije akaigeuza. Binti akasema atafikiria. Baada ya siku nne Karibuni akapiga simu, kwa sauti ya msiba, kusema amepatikana mteja mwingine, bwana mmoja mwenye biashara zake, ambaye hana maswali.

Ndivyo walivyohama mara ya nane. Walipata vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mabasi mawili kutoka hospitalini, mahali ambapo msumeno wa kukatia nondo ulianza kulia saa moja asubuhi na kunyamaza magharibi. Mumewe alisahihishia madaftari kitandani, pamba masikioni. Hakumlaumu kwa mdomo. Alilaumu kwa namna alivyohesabu ngazi kila alipopanda. Mama Picha naye alijiuliza, kila asubuhi msumeno ulipoanza, kama kweli kulikuwa na haja ya kuwa mjuaji kiasi kile. Mtu mwingine angenunua, angemwacha dalali adanganye anavyojua kudanganya, na leo angekuwa anakatakata vitunguu mbele ya dirisha.

Mwezi wa nne tangu wahame, Karibuni alipiga simu tena. Yule bwana asiye na maswali alikuwa amempeleka mwanasheria wake kumtoa Bibi Halo. Bibi Halo alimkaribisha, akafungua bati la biskuti, akamsomea karatasi mwanzo hadi mwisho kwa ile sauti yake ya simu, kisha akamuuliza kama angependa kusikia tena. Bwana akajitoa. Masika nayo yalikuwa yamepita katikati. Binti sasa alikubali masharti yote mawili.

Walikwenda kutazama, yeye, mumewe na mjomba. Kabati lilikuwa limesogezwa, maana hapakuwa tena na cha kuficha. Ufa ambao ungeingiza daftari sasa uliingiza kiganja. Mjomba aliutazama, akavua kofia, akasema kwamba ukuta ule haushonwi tena. Utabomolewa na kuanza upya. Bei ikashuka tena, na bado wangeanza maisha ya wenye nyumba wakiwa na upande mmoja wa nyumba hauna ukuta.

Cha ajabu ni kwamba safari hii mwalimu ndiye aliyegoma. Alisimama kwenye veranda yake ileile, hakukaa.

“Tuachane nayo,” alisema. “Umesema kweli tangu siku ya kwanza. Imetuchosha, na bado haijawa yetu.”

Mama Picha kwa miezi minne alikuwa akingoja kusikia maneno yale, na yalipokuja hayakumfurahisha hata kidogo. Alifikiria nyumba nyingine alizozikagua katika kipindi hicho, tano, sita, zote na rangi nzuri na madalali wapole. Hakuna hata moja aliyojua inaumwa nini.

“Hii sasa ndiyo naijua,” alisema. “Mgonjwa ambaye picha yake ninayo mkononi siwezi kumrudisha nyumbani.”

Basi walinunua. Mkataba ulitiwa saini kwenye kile kiti kisicho na mkono, kwa zamu, na karatasi ya Bibi Halo ikabanwa nyuma yake. Bibi mwenyewe alihamishiwa chumba cha mbele mpaka kazi iishe. Wao walihamia wiki iliyofuata, wakatundika turubai pale palipokuwa na ukuta, na vumbi la saruji likaingia kwenye mashuka, kwenye sukari, kwenye daftari za watoto wa watu.

Ukuta ulishuka kwa siku mbili. Siku ya tatu, Mama Picha akiwa anampiga picha mtoto aliyemeza kifungo, aliitwa kwenye simu. Alikuwa mjomba. Shimo lilikuwa refu kuliko walivyodhani. Tena kulikuwa na la pili, dogo, pembeni yake, ambalo hata Bibi Halo hakulijua, na Bibi Halo alikuwa amekasirika kwa kutolijua. Sasa wawili hao walikuwa hawasikilizani kuhusu mahali bomba jipya lipite. Mjomba alitaka lipite moja kwa moja kichochoroni. Bibi Halo alisema kichochoro hufurika, alimuuliza mjomba ni mvua ngapi amezifagia pale, na mjomba akaweka koleo chini akasema hachimbi tena mpaka mwenye nyumba afike.

Ilimchukua muda mfupi kuelewa kwamba mwenye nyumba ni yeye.

Alitoka zamu saa nane, akatembea dakika zake kumi na mbili huku akipanga maneno makali ya kuwaambia wote wawili. Alipofika alikuta mumewe amekaa juu ya mifuko ya saruji, amechora ramani mbili nyuma ya mtihani wa wanafunzi, anaeleza mteremko kwa namba, na hakuna anayemsikiliza. Shimo lilinuka. Turubai lilikuwa limechanika upande mmoja. Maneno makali yote yakampotea. Alikuwa amechoka mno kuyatafuta. Alivua viatu vyake vyeupe vya kazi, akaviweka juu ya ukingo wa dirisha, akashuka kwenye mtaro wa bomba ulioanza kuchimbwa na kushika ncha ya kamba ya kupimia. Mjomba akamwambia avute zaidi kuelekea kichochoroni. Bibi Halo, kutoka juu, akamwambia asithubutu.